Hedhi nzito kupita kiasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia kila mara, kwa mdomo na kwa meseji, na mengine niliyauliza mimi mwenyewe miaka ile natembea na sketi ya akiba kwenye begi nikidhani kila mwanamke anafanya hivo. Soma unapotaka, sio lazima uanze juu. Ila kama unatoka damu vibaya sasa hivi unaposoma, ruka yote nenda kwenye "Lini niache kusoma niende hospitali?" kule chini.

## Kwanza tujue nzito ni ipi

Nitajuaje kama damu yangu ni nyingi kweli au ni mimi tu naona nyingi?

Kitaalamu hedhi ya kawaida ni kama mililita 30 hadi 40 kwa piriodi nzima, yaani vijiko vya chakula viwili vitatu hivi, na zamani ikizidi mililita 80 ndo ilikua inaitwa nzito. Sasa nani anapima? Hakuna. Ndo maana siku hizi madaktari wengi wameachana na mambo ya mililita wanauliza kitu kimoja: je, damu yako inakuharibia maisha? Kama kuna siku huendi kazini au shule kwa sababu yake, kama unachagua nguo kwa kuangalia rangi itakayoficha, kama unalala juu ya taulo na bado unaamka usiku kubadilisha, kama kabla ya kukubali mwaliko unahesabu kwanza tarehe, basi ni nzito na inastahili kuangaliwa.

Shida ni kwamba mtu unazoea. Hujawahi kuvaa mwili wa mwenzako ukaona wake unatokaje, kwa hiyo cha kwako ndo kipimo chako. Mimi nilikuja kushtuka siku mfanyakazi mwenzangu aliponiambia yeye pakiti moja ya pedi inamtosha na inabaki. Nilidhani ananitania.

Pedi ngapi kwa siku ndo nyingi?

Idadi peke yake inadanganya, maana kuna mtu anabadilisha pedi ikiwa na tone moja tu na kuna mwingine anasubiri mpaka ilowe, alafu pedi zenyewe hazilingani. Angalia spidi. Pedi au tamponi iliyolowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, tena mfululizo, hiyo ni nyingi. Kulazimika kuvaa pedi mbili kwa pamoja au pedi na tamponi, nyingi pia. Anayetumia kikombe cha hedhi ana bahati, vingi vinabeba mililita 20 hadi 30 na vingine vina mistari ya kipimo kabisa, kwa hiyo unaweza kujumlisha mwenyewe kwa siku zote ukapata jibu la uhakika kuliko sisi wa kukisia.

Siku ngapi ni kawaida?

Mpaka siku 8 bado ni kawaida. Mzunguko wenyewe ukiwa kati ya siku 24 na 38 uko sawa, na unahesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata, sio kuanzia ilipokatika. Wengi wanakosea hapo wanajikuta wanasema "napata mara mbili kwa mwezi" kumbe mzunguko ni wa siku 26 tu, ukianza tarehe 1 unarudi tarehe 27.

Yanatoka mabonge ya damu kama maini, hiyo ni hatari?

Mabonge madogo siku za damu nyingi ni kawaida. Mwili huwa una vitu vya kuyeyusha damu ndani ya mfuko wa uzazi ili itoke laini, sasa damu ikija kwa kasi vitu hivo vinazidiwa na damu inaganda kabla haijatoka. Kwa hiyo bonge lenyewe sio ugonjwa, ni dalili kwamba damu inakuja haraka. Yakiwa makubwa kuzidi sentimita 2.5, na yanajirudia kila mwezi, mwambie daktari. Na usione aibu kuyapiga picha, daktari ameshaona makubwa kuliko hayo.

Mama na dada zangu wote wanatoka hivi hivi, si ndo damu ya ukoo wetu?

Inawezekana ni ya ukoo, lakini ya ukoo haimaanishi sio tatizo. Faibroidi (uvimbe wa msuli wa mfuko wa uzazi) zinaenda kifamilia na magonjwa ya damu kutoganda vizuri yanarithiwa kabisa. Nyumba nzima inaweza kuwa na ugonjwa mmoja na wote wakaambiana ndo uanamke. Hili jibu linaendelea kwenye swali la binti aliyevunja ungo.

## Sababu zenyewe

Kwani inasababishwa na nini hasa?

Ukielewa damu ya hedhi inavyokata, sababu zote zinajipanga zenyewe. Kila mwezi homoni ya estrojeni inajenga utando ndani ya mfuko wa uzazi, yai likishapevuka inakuja projesteroni inauimarisha, mimba isipoingia homoni zote zinashuka na utando unabomoka. Kinachozuia usitoke damu mpaka uishe ni mambo matatu: mishipa midogo inajibana, damu inaganda, na msuli wa mfuko wa uzazi unajikaza (ndo hayo maumivu ya tumbo). Kikiharibika kimoja tu, damu inazidi. Kuna kitu kimeota ndani kinazuia msuli kujikaza vizuri, au damu yako haigandi inavyotakiwa, au yai halikupevuka kwa hiyo utando ulijengwa bila mpangilio ukawa mnene kupita kiasi.

Shirikisho la kimataifa la madaktari wa akina mama, FIGO, mwaka 2011 lilizipanga sababu makundi tisa. Manne ya kwanza yanaonekana kwa picha au maabara: polipi, adenomayosisi, faibroidi, na saratani pamoja na mabadiliko yanayoitangulia. Yaliyobaki huwezi kuyaona kwenye picha: damu kutoganda, yai kutopevuka, shida ya utando wenyewe, dawa au vifaa vya hospitali, na mwisho kapu la yale yasiyoingia popote. Mtu mmoja anaweza kuwa na mbili tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakikukuta na faibroidi ndogo usiache kuuliza kama ndo yenyewe kweli inayokutoa damu.

Na kuna wengi wanapimwa kila kitu hakionekani kitu. Haimaanishi unajitungia. Tiba zipo hata kama sababu haijapatikana.

Faibroidi ni saratani? Mbona wengine wanazo na hawatoki damu?

Sio saratani. Ni uvimbe wa msuli wa mfuko wa uzazi, na ni wa kawaida mno, wanawake wengi wanapofika miaka 50 wanao hata kama hawajui, na kwa wanawake weusi huwa unaanza mapema zaidi na kukua zaidi. Uvimbe wa saratani kwenye msuli huo upo lakini ni nadra sana.

Kinacholeta damu ni ulipokaa kuliko ukubwa wake. Uliochomoza ndani kwenye uwazi wa mfuko, hata ukiwa kama punje ya harage, unaweza kukumwagisha damu mpaka ukatundikiwa chupa, na uliokaa nje ya mfuko unaweza kukua kama chungwa na hedhi ikawa ya kawaida tu, labda unakusumbua kwa kubana kibofu ukawa unakwenda haja ndogo kila saa. Kwa hiyo ripoti ya ultrasaundi ikisema "una faibroidi" swali la kwanza ni iko wapi, la pili ndo ina ukubwa gani. Hedhi ikishakoma huwa zinasinyaa.

Adenomayosisi ndo nini, ni sawa na endometriosisi?

Zinafanana jina na zinaweza kukaa kwa mtu mmoja ila sio kitu kimoja. Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko, na kilio chake kikubwa ni maumivu. Adenomayosisi ni utando kuingia ndani ya msuli wa mfuko, mfuko unavimba, unauma, na damu inakua nyingi. Ultrasaundi ya kawaida inaweza kuipita bila kuiona, hasa mpimaji akiwa haitafuti.

Na polipi?

Kinyama kinachoning'inia kwenye utando. Mara nyingi hakina madhara, ila kinatoa damu nyingi au damu ya katikati ya mwezi, na kinatolewa kwa kifaa chenye kamera kinachopita ukeni bila kupasua tumbo. Wanakipeleka maabara kuwa na uhakika, zaidi kwa waliovuka miaka 40.

Homoni zinaingiaje hapa?

Yai lisipopevuka projesteroni haiji, na bila projesteroni utando unajengwa tu bila kupewa amri ya kusimama. Unakaa miezi miwili mitatu bila kuona siku zako, unafikiri una mimba, alafu siku ikija inakuja kama bomba limepasuka na inaendelea wiki mbili. Ukiona mtindo huo fikiria homoni kwanza. Inatokea kwa wenye ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi (wengi wanauita PCOS), kwa wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kivivu, kwa uzito mkubwa kwa sababu mafuta ya mwili yanatengeneza estrojeni ya ziada, na kwenye ncha mbili za umri: walioanza juzi na wanaokaribia kukoma.

Binti yangu kavunja ungo juzi tu na anatoka damu nyingi, nisubiri itulie?

Kutokua na mpangilio, ndio, subiri. Miaka miwili mitatu ya mwanzo mwili bado unajifunza kupevusha mayai. Wingi usiusubiri. Msichana anayelowesha pedi kwa saa, anayeanguka shuleni, anayekosa masomo kila mwezi, apelekwe, na aliyetoka damu nyingi tangu hedhi ya kwanza kabisa apimwe kama damu yake inaganda.

Ugonjwa unaotafutwa sana hapo unaitwa von Willebrand. Daktari Erik von Willebrand wa Finland aliueleza mwaka 1926 kutokana na familia moja ya visiwa vya Åland. Mtoto aliyeanza naye alikua msichana wa miaka 5, na huyo mtoto alikuja kufariki na miaka 13, kwenye hedhi yake ya nne. Hedhi ya nne tu. Nikisikia mtu anamwambia binti "vumilia utazoea" huwa nakumbuka hiyo.

Kwa bahati siku hizi ugonjwa huo una dawa, ila mpaka ujulikane. Kati ya wanawake 100 wenye hedhi nzito kama 13 wanakutwa nao, kwa hiyo sio kitu cha ajabu kihivo. Dalili nyingine za kuuliza nyumbani: pua kutoka damu zaidi ya dakika 10, jino kung'olewa damu ikagoma kukata, michubuko mikubwa bila kugongwa, au mama na mashangazi waliomwaga damu sana baada ya kujifungua. Mpe daktari hiyo historia yote, hata ya upande wa baba.

Nina miaka 40 na kitu, si ndo dalili za kukoma hedhi?

Inaweza kuwa, maana karibu na kukoma mayai yanapevuka kwa kuruka ruka na damu inayumba, mwezi huu tone, mwezi ujao mafuriko. Ila umri huu huu ndo faibroidi, polipi na saratani ya utando wa mfuko wa uzazi vinapojitokeza zaidi, kwa hiyo usijipe jibu mwenyewe. Kuanzia miaka 45 madaktari wengi watataka kuchukua kinyama kidogo cha utando wakakipime, na chini ya hapo pia kama una uzito mkubwa, PCOS ya muda mrefu au dawa zimegoma.

Na kama ulishakaa miezi 12 kamili bila hedhi alafu ukaona damu, hata ya kupaka tu, hiyo haiitwi hedhi tena. Nenda ukaangaliwe wiki hiyo hiyo.

Uzazi wa mpango unaweza kuwa ndo sababu?

Kitanzi cha madini ya shaba, ndio, kinaongeza damu na maumivu, hasa miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Ikishapita hapo na bado, una haki ya kukitoa. Sindano na vijiti mara nyingi vinaleta damu ya matone matone isiyo na ratiba au kukata kabisa, inakera lakini mara nyingi sio nyingi kwa ujazo. Vidonge ukivisahau sahau navyo vinakuletea damu katikati. Usichanganye kitanzi cha shaba na kile cha homoni, hivo ni mbingu na ardhi, kipo kwenye sehemu ya tiba.

Natumia dawa nyingine, zinahusika?

Dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini na rivaroksabani zinaongeza hedhi sana na cha kushangaza wagonjwa wengi hawaambiwi wanapoanzishiwa. Usiziache mwenyewe, aliyekupa ana sababu na kuganda damu kwenye mapafu ni kubaya kuliko hedhi, mwambie tu wapange upya. Aspirini pia ina tabia hiyo, usiimeze kwa maumivu ya hedhi.

Si stress tu?

Stress inaweza kuchelewesha yai na kuvuruga tarehe. Ila kila mwanamke ana stress, kwa hiyo jibu hilo lisikubaliwe mpaka vipimo vifanyike.

Naweza kuwa nina mimba wakati natoka damu?

Ndio kabisa, na kipimo cha mimba ndo cha kwanza hata kama una uhakika hauna. Damu nyingi iliyochelewa wiki moja mbili inaweza kuwa mimba inayotoka. Damu yenye maumivu ya upande mmoja wa tumbo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko, na hiyo inaua, soma swali la lini uende hospitali kule chini.

## Mwili unavyolipa

Kwanini nachoka hivi?

Kila mililita ya damu inabeba karibu nusu miligramu ya madini ya chuma. Ukitoka mililita 80 umepoteza kama miligramu 40, na utumbo kwa siku unafyonza miligramu 1 mpaka 2 tu kutoka kwenye chakula, na sehemu kubwa ya hiyo inafidia upotevu wa kila siku. Piga hesabu mwenyewe. Mwezi haukutoshi kulipa deni, mwezi ujao unakopa tena, na mwili unakula akiba mpaka inaisha. Ndo unaanza kuhema ukipanda ngazi mbili, moyo unadunda ukiwa umelala, nywele zinakatika, miguu haitulii usiku, na wengine wanapata hamu isiyoelezeka ya kutafuna barafu au udongo. Hiyo hamu watu wanaichukulia utani, ni dalili inayojulikana kabisa.

Nimepima wingi wa damu nikaambiwa ni 12.3, iko sawa, mbona sina nguvu?

Kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu wa damu unaanza chini ya 12, kwa hiyo kwa karatasi uko sawa. Ila himoglobini, yaani huo wingi wa damu uliopimwa, ni pesa iliyoko mfukoni, akiba ya benki inaitwa feritini, na mwili unamaliza ya benki kwanza kabla mfuko haujapungua. Omba kipimo cha feritini kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 15 kuwa akiba imeisha, na madaktari wengi wanatibu hata ikiwa chini ya 30. Ukiwa na homa au uvimbe mahali feritini inapanda kiuongo, kwa hiyo isomwe na anayejua.

Vidonge vya chuma vinanivuruga tumbo, nifanyeje?

Usiviache, badilisha namna ya kumeza. Kidonge kimoja kwa siku kinatosha wengi, na hata siku moja ndio siku moja hapana, mwili unafyonza vizuri tu na tumbo linapumzika. Meza mbali na chai, kahawa na maziwa, matunda yenye vitamini C yanasaidia. Choo kuwa cheusi ni kawaida, usiogope. Na ukiona namba imepanda usiache siku hiyo hiyo, kawaida unaendelea kama miezi 3 ili kujaza akiba. Ikigoma kupanda kuna ya kutundikiwa kwenye mshipa. Lakini kumeza chuma bila kuzuia damu ni kujaza ndoo iliyotoboka.

## Ukifika hospitali

Watanipima nini?

Kipimo cha mimba, wingi wa damu na feritini, karibu kila mtu. Tezi na kuganda kwa damu, kama historia yako inaelekea huko. Alafu watakupapasa tumbo, wataangalia mlango wa kizazi, na ultrasaundi, ya juu ya tumbo au ya ndani ambayo inaona vizuri zaidi. Kamera ya ndani na kinyama cha utando ni kwa wengine, nimeeleza kwenye swali la polipi na la miaka 40.

Sijawahi kufanya ngono, lazima waniingizie kifaa?

Hapana. Ultrasaundi ya juu ya tumbo ukiwa na kibofu kimejaa inatosha kuanzia. Na yeyote, bikira au la, ana haki ya kukataa, kuomba mwanamke mwenzake awepo chumbani, au kusema simama katikati ya kipimo.

Daktari kaniambia ni kawaida tu ya wanawake, nifanyeje?

Mimi niliambiwa hivo hivo kwenye hospitali moja, tena bila kupimwa hata wingi wa damu, na nilipokuja kupimwa kwingine miezi kadhaa baadae nilikua na 7. Kilichonisaidia mara ya pili ni kuacha kusema "natoka nyingi". Neno nyingi halipimiki. Nilikwenda na karatasi: miezi mitatu, tarehe ya kuanza na kukata, siku nilizolowesha pedi chini ya saa mbili, usiku nilioamka, mabonge, siku nilizokosa kazi. Daktari akaisoma kimya alafu akaandika vipimo vinne. Uliza wazi: "Unafikiri sababu ni nini, na nyingine tumezitoaje kwenye orodha?" Akikosa jibu, tafuta mwingine.

## Tiba

Kuna dawa za kumeza bila homoni?

Zipo mbili kubwa. Ya kwanza ni asidi ya traneksamiki, iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, mwaka 1962, na Utako alikua anatafuta hasa dawa ya kuokoa mama wanaomwaga damu baada ya kujifungua. Inazuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, inapunguza hedhi karibu nusu, na unaimeza siku za damu nyingi tu, zisizidi 4 au 5. Aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mguu au mapafu asiitumie bila daktari.

Ya pili ni kundi la ibuprofeni na asidi ya mefenamiki, zinapunguza damu kiasi na maumivu kwa pamoja, unaanza damu inapoanza. Wenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au damu isiyoganda wasiziguse.

Kitanzi cha homoni ni kilekile kinachozidisha damu?

Hapana, hiki kinafanya kinyume. Kinatoa homoni kidogo kidogo pale pale ndani, utando unakua mwembamba, na damu inapungua kwa wengi asilimia 70 hadi 90 na kitu, wengine wanakata kabisa na hakuna damu "inayojaa tumboni", haikutengenezwa tu. Ndicho kinachopendekezwa cha kwanza sehemu nyingi. Ila uvumilie miezi 3 mpaka 6 ya matone, wengi wanakitoa hapo katikati na kukosa faida. Vidonge vya mchanganyiko navyo vinapunguza, isipokua kwa wenye presha ya juu, kipandauso kinachoanza na kuona mwanga mwanga, historia ya damu kuganda, au wavutaji sigara waliovuka 35.

Nataka watoto bado, lazima nitolewe kizazi?

Kutoa kizazi ni tiba ya mwisho, inamaliza damu milele ndio, lakini kama ndo kitu cha kwanza ulichoambiwa na una miaka 32, pata maoni ya pili. Faibroidi zinaweza kutolewa peke yake na mfuko ukabaki. Kuna kuziba mishipa inayolisha uvimbe, ila anayetaka kuzaa aijadili kwanza kwa kina. Kuunguza utando sio ya kwako kabisa kama unataka mimba, na hata aliyefanyiwa bado anahitaji kuzuia mimba maana ikiingia inakua hatari.

Na dawa za mitishamba za kuyeyusha uvimbe?

Hakuna niliyoiona ikithibitika kuyeyusha faibroidi. Hasara kubwa ni muda: unakunywa miezi sita, himoglobini inashuka, uvimbe uko pale pale.

## Yasiyo ya kawaida na ya haraka

Lini niache kusoma niende hospitali?

Pedi kubwa inalowa kila saa kwa saa mbili au zaidi mfululizo. Unazimia au unaona giza ukisimama. Moyo unakimbia, unahema umekaa, kifua kinauma. Una mimba au unaweza kuwa nayo na unatoka damu, hasa ukiwa na maumivu makali ya tumbo upande mmoja au maumivu ya ncha ya bega, hiyo ya bega watu hawaijui na inatokana na damu kumwagikia tumboni. Damu nyingi pamoja na homa na harufu mbaya. Usiendeshe gari mwenyewe, usioge kwanza.

Natoka damu baada ya tendo, hiyo pia ni hedhi nzito?

Hapana, hiyo ni mlango wa kizazi mpaka ithibitike vingine. Mara nyingi ni maambukizi au kidonda kidogo, lakini saratani ya shingo ya kizazi nayo inaanza hivo hivo, kwa hiyo kaangaliwe hata kama ni mara moja moja na hedhi yako ni ya kawaida.

Ilikua mwezi mmoja tu, mwezi uliofuata ikarudi kawaida, niende?

Kama kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu na huna dalili za upungufu wa damu, unaweza kusubiri ukiandika tarehe. Ikijirudia mara ya pili, nenda. Kama hukupima mimba wakati ule, pima sasa, kinaweza bado kuonyesha wiki chache baada ya mimba kutoka.